Je, Wajua? Kipunji wa Rungwe wana bibi nyani

Katika kijiji cha Kisawasawa, chini ya Milima ya Udzungwa, nyani si habari. Mkulima wa mahindi anawajua kwa hasara, na hana la kuwasifu. Lakini upande wa pili wa milima hiyo, katika msitu wa Ndundulu, anaishi ndugu yao ambaye wachache wamemtia machoni: kipunji.

Jina hilo ni la Wanyakyusa wa Mlima Rungwe. Wanasayansi walimwona huko Desemba 2003, kisha Ndundulu mwaka 2004. Walipotazama manyoya ya kahawia, mkia mrefu na kishungi cha utosini, wakamweka kwenye jenasi ya kima waitwao mangabei. Mwaka 2005 kipunji mmoja akafa mtegoni katika shamba la mahindi kule Rungwe. Mzoga ule ndio uliotengua kila kitu: vinasaba vyake vilielekea kwa nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, ya kwanza mpya kwa kima wa Afrika tangu 1923.

Utamu hasa uko kwenye mitokondria. Viungo hivi vidogo vinavyozalisha nishati ndani ya seli vina vinasaba vyao vya pekee (kwa binadamu ni jeni 37 tu), na mtoto huvirithi kwa mama. Baba hana lake hapo. Waliposoma vya kipunji wa Rungwe, watafiti walikuta ni vya nyani wa njano! Yaani zamani sana dume la kipunji lilizaa na nyani jike, uzao ukarudi kuishi na kipunji, na urithi wa bibi yule ukaenea kundini.

Wa Ndundulu je? Utafiti wa 2010 ulionyesha kuwa wao hawana urithi huo. Tawi lao linasimama kando ya nyani wote, kama ndugu yao. Kwa hiyo anayetafuta asili ya kipunji kwa upande wa mama, wa Rungwe watampoteza. Shahidi mzuri ni hao wa Ndundulu, nao hesabu iliyotolewa 2008 iliwakadiria kuwa 75 hivi, dhidi ya zaidi ya 1,000 wa Rungwe na jirani yake Kitulo.

Usimchanganye kipunji na mangabei wa Sanje, jirani wa karibu zaidi na Kisawasawa, aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 1979. Huyo, pamoja na kuitwa mangabei, jenasi yake ina udugu wa karibu na mandrili wa misitu ya Gabon na Kamerun.