Maher: Nyumba Iliyobaki na Jina la Mama

Wamarathi, wenyeji wa jimbo la Maharashtra magharibi mwa India, wana neno maher. Ni nyumbani kwao mwanamke aliyeolewa, pale alipozaliwa na kulelewa. Mwanamume hana maher, kwa kuwa kimila yeye haondoki kwao. Kule bibi harusi anakohamia huitwa sasar, yaani ukweni.

Asili ya neno ni Kisanskriti: matri ni mama, griha ni nyumba. Ndimi zikayasaga maneno hayo mawili karne baada ya karne, hadi likabaki moja, maher. Sasar nalo linatokana na neno la baba mkwe. Basi msichana hutoka nyumba ya mama akaenda nyumba ya mkwe.

Zamani ruhusa ya kwenda kwao haikupatikana ovyo. Wanawake waliamka alfajiri, wakakaa kwenye jiwe la kusagia nafaka na kuimba ovi, beti fupi za kumtamani mama na kumngoja kaka aje kuwachukua. Mimba ya kwanza ndiyo iliyofungua mlango: hata leo wengi huenda kujifungulia kwa mama, kama ilivyo desturi ya pwani yetu. Siku ya kuagana, mama humtilia binti mchele na nazi katika pindo la sari, asirudi ukweni mikono mitupu.

Hata mungu wa kike ana kwao. Wakati wa sikukuu ya mungu Ganesh, mungu huyo wa kike, Gauri, hupokewa kama binti aliyekuja kutembea. Huchorewa nyayo kutoka mlangoni hadi ndani, na siku ya pili huandaliwa puran poli, chapati iliyojazwa dengu na sukari guru. Siku ya tatu huagwa. Nao mahujaji waendao Pandharpur kwa miguu huuita mji huo maher yao, na Vitthal, mungu wao, humwita mama.

Lakini nyumba hiyo yenye jina la mama ilirithiwa na wana wa kiume. Maharashtra ilibadili sheria mwaka 1994, na India ikafuata mwaka 2005: binti wa Kihindu, hata akiolewa, ana fungu sawa na kaka yake katika mali ya ukoo. Sheria imechelewa sana kulifikia neno.