Tanuri likizimika, wageni huanza kubisha hodi

Simiti iliyosahauliwa stoo haiozi. Hushikana. Unyevu wa hewa peke yake unatosha kuanza kazi hiyo, na baada ya miezi kadhaa mtu akiuchana mfuko wa kilo 50 anakuta jiwe lenye umbo lile lile la mfuko, mikunjo ya karatasi imejichora ubavuni. Mafundi wa Kulamawe wanaijua hasara hiyo kwa mfuko mmojammoja. Kiwanda kikifungwa ghafla, ni mifuko kwa maelfu, na juu yake kuna mashine, mikopo, mishahara isiyolipwa na shimo kubwa ardhini.

Kulamawe, mashariki ya mji wa Isiolo kwenye barabara ya kwenda Modogashe, haina kiwanda cha simiti. Mfuko unaotoka Athi River hupita Nairobi, huuzunguka Mlima Kenya, hushuka Isiolo, na hapo bado una zaidi ya kilomita 70 za kwenda. Ndiyo maana bei yake huku haifanani na ya Athi River. Lakini umbali huo usimfanye mtu adhani habari za viwanda vilivyokufa ni za watu wa kusini peke yao.

Kisa kilicho karibu zaidi ni cha ARM Cement. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1974 kwa jina la Athi River Mining, ikaingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1997, na simiti yake yenye nembo ya kifaru ikajulikana nchi nzima. Ikajenga Athi River, ikajenga Kaloleni kule Kilifi, ikavuka mpaka hadi Tanga. Iliyafanya yote hayo kwa mikopo. Mwaka 2016 shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza, CDC, lilitia dola milioni 140. Miaka miwili baadaye, Agosti 2018, kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi.

Hapo ndipo wageni walipoanza kuja. Kiwanda kinapowaka huwavuta watu wa aina moja: vibarua, madereva, mama wa chakula langoni. Kikizimika huvuta wengine kabisa. Wahasibu walikuja na madaftari. Wafanyakazi walikuja kuuliza malimbikizo yao, na Sheria ya Ufilisi ya 2015 inawapa kweli nafasi mbele ya wadai wasio na dhamana, ila kwa mishahara ya miezi minne tu na kwa kikomo cha Sh200,000 kwa mtu. Wenye hisa walibaki wameshika karatasi. Kisha wakaja wanunuzi, na hawa ndio wa kuangaliwa kwa makini.

Mwaka 2019 mali za ARM nchini Kenya zilinunuliwa na National Cement, kampuni ya kundi la Devki la Narendra Raval, kwa takriban dola milioni 50. Kule Tanga kiwanda cha Maweni kikaangukia mikononi mwa Huaxin ya China. Mtu wa kawaida angefikiri wanunuzi wanafuata mitambo. Mitambo ni sehemu tu. Tanuri huhitaji joto la nyuzi kama 1,450 kugeuza mawe ya chokaa na udongo kuwa klinka, vile vigololi vya kijivu vinavyosagwa pamoja na jasi hadi vikawa simiti. Tanuri laweza kununuliwa popote duniani. Mawe ya chokaa yenye leseni, karibu na barabara na umeme, hayaagizwi kwa meli. Anayenunua kiwanda kilichokufa ananunua hasa haki ya kuchimba.

Wengine huvutwa na kiwanja. Kampuni kongwe ya East African Portland Cement, iliyoanza mwaka 1933, haijafa, lakini sehemu ya ardhi yake ya Mavoko ilikaa wazi miaka mingi, na ardhi iliyokaa wazi kando ya jiji haikosi muuzaji. Ekari 4,298 zilikatwa viwanja, watu wakalipa, wakajenga nyumba za mawe na makanisa. Mahakama ilipoamua kuwa ardhi ni ya kampuni, matingatinga yaliingia Oktoba 2023. Familia zilizotoa akiba ya maisha zilisimama kando zikitazama kuta zao zikiangushwa. Wapo wanaosema wangechunguza hati kwanza. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa hujawahi kuonyeshwa stakabadhi yenye mhuri na mtu aliyevaa suti.

Ulaya wanaovutwa ni wa namna nyingine. Mwaka 1973 msanifu majengo Ricardo Bofill alikikuta kiwanda kizee cha simiti pembeni mwa Barcelona, chenye maghala marefu ya duara zaidi ya 30 na mahandaki chini yake. Akalipua sehemu kwa baruti, akabakiza maghala manane, akapanda miti juu ya zege, akahamia humo na ofisi yake hadi alipofariki Januari 2022. Picha zake huzunguka dunia. Ni kazi nzuri sana, ila ilihitaji mwenye fedha ambaye hakudaiwa na mtu mshahara wa miezi sita.

Kwetu sisi mfano wenye maana zaidi uko Mombasa, na haukuanza na jengo. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954 kikichimba miamba ya matumbawe ya kale, na nyuma yake kikaacha uwanja mweupe, mkavu, wenye maji ya chumvi chini kidogo tu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo wa kampuni hiyo, René Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa tatu: mvinje, mnazi na damas, mti ambao asili yake ni nchi ya Wasomali.

Mivinje ikakua, lakini majani yake membamba yalirundikana chini bila kuoza, na pasipo kuoza hakuna udongo. Aliyeokoa kazi ni jongoo. Haller aliona jongoo wenye miguu myekundu wakiyala majani hayo, akakusanya wengine kwa mamia na kuwaachia machimboni. Jani kavu likaingia mdomoni, likatoka mbolea; mwaka hadi mwaka tabaka jeusi likajijenga juu ya mwamba. Baadaye wakaletwa samaki, mamba, pofu na twiga. Ni humo humo, baada ya tsunami ya Desemba 2004, kiboko mdogo Owen aliyeokolewa pwani ya Malindi alipojibanza kwa kobe mzee aliyeitwa Mzee, na watalii wakafurika. Wengi wao walisahau kwamba walikuwa wamesimama ndani ya shimo la simiti.

Tofauti ya Bamburi na kwingineko ni moja: ukarabati ulianza kampuni ikiwa hai na ina fedha. Ukingojea ifilisike, shimo halina mwenyewe.

Hili ndilo linalowahusu watu wa Kulamawe leo. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera, njia ya takriban kilomita 740 inayopita Kulamawe, Modogashe, Wajir na El Wak. El Wak kuna jasi, ile ile inayosagwa pamoja na klinka. Lami ikikamilika, madini yaliyokuwa mbali mno kubebwa yatakuwa na bei, na atafuata mtu mwenye ramani na ahadi za ajira. Isiolo haihitaji kuelezwa maana ya ahadi: ujenzi wa kichinjio chake cha nyama ya kuuzwa nje ulianza zaidi ya miaka 15 iliyopita, ukawa wa kusimama na kuanza.

Sheria zipo. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mchimbaji aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kurudisha ardhi katika hali nzuri, na inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka huo huo inataka mkataba wa uwekezaji upitishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii kwenye mkutano wao. Ila kifungu hicho huilinda jamii iliyokwisha kusajili ardhi yake. Wazee, vijana na akina mama wa Kulamawe, kama usajili wao haujakamilika, waumalize sasa, na siku mgeni atakapofika, kabla ya kumuuliza ataajiri wangapi, wamwombe awaonyeshe dhamana ya shimo.