Je, Wajua? Serikali na Mzee wa Miaka 70

Je, wajua kwamba sheria ya kwanza ya kulipa pensheni ya uzee kwa wafanyakazi wa taifa zima haikutungwa na wajamaa, bali na adui yao mkubwa? Otto von Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alipitisha mwaka 1878 sheria ya kupiga marufuku vyama vyao, mikutano yao na magazeti yao. Wafuasi hawakupungua. Akageukia njia nyingine: bima ya ugonjwa mwaka 1883, bima ya ajali kazini 1884, kisha pensheni ya uzee na ulemavu 1889. Hesabu yake ilikuwa wazi. Mfanyakazi anayetarajia kulipwa na dola uzeeni hatakuwa na haraka ya kuipindua. Bungeni akapingwa huku na huku: waliberali walilalamika kwamba dola inajiingiza pasipoihusu, na wajamaa waliona anawanunua wafanyakazi kwa bei rahisi. Umri wa kulipwa uliwekwa miaka 70. Wengi husimulia kwamba Bismarck aliweka 65, lakini umri huo ulikuja mwaka 1916, yeye akiwa kaburini tangu 1898.

Pensheni hiyo ilidai mchango. Mfanyakazi alikatwa, mwajiri akaongeza, dola ikajazia. Je, asiye na mwajiri? Hapo ndipo ubishi wa kweli ulipoanzia, na mpaka leo haujaisha.

New Zealand ilijibu mwaka 1898 kwa kulipa kutoka hazina ya serikali, bila mchango. Ila mzee alitakiwa athibitishe tabia njema, na sheria yenyewe iliwatenga Wachina na Waasia wengine waziwazi, hata kama walikuwa wamefanya kazi nchini humo maisha yao yote.

Uingereza ilifuata tarehe 1 Januari 1909. Mzee wa miaka 70 mwenye kipato kidogo aliweza kupata hadi shilingi 5 kwa wiki. Walionyimwa ni pamoja na waliotoka jela karibuni na waliohesabiwa kuwa wavivu wa kazi kwa mazoea. Pamoja na kasoro hizo, sheria ile ilikuwa na jambo moja la busara ambalo halisemwi vya kutosha: fedha zililipwa posta. Kabla ya hapo, maskini aliyezeeka aliogopa kuishia katika nyumba za maskini, ambako mume na mke waliweza kutenganishwa. Posta kila mtu huenda. Mzee alisimama foleni moja na anayenunua stempu, akapokea haki yake, akarudi nyumbani kwake.

Je, wajua kwamba pensheni hiyo ilichangia kuwapunguzia nguvu makabaila wa Uingereza? Fedha za wazee, pamoja na za manowari mpya, zilihitaji chanzo, na Waziri wa Fedha David Lloyd George akapendekeza kodi mpya kwa matajiri na wenye ardhi katika bajeti ya 1909. Baraza la Makabaila likaikataa. Nchi ikaingia katika chaguzi kuu mbili ndani ya mwaka mmoja, 1910, na sheria ya 1911 ikaliondolea baraza hilo uwezo wa kuzuia miswada ya fedha.

Marekani ilichelewa hadi 1935, wakati Rais Franklin Roosevelt aliposaini sheria ya hifadhi ya jamii. Mwaka uliofuata mpinzani wake, Alf Landon, aliishambulia kwa nguvu katika kampeni. Kati ya majimbo 48, Landon alishinda mawili tu: Maine na Vermont. Na hundi ya kwanza kabisa ya pensheni ya kila mwezi, ya dola 22.54, ilikwenda Januari 1940 kwa mkazi wa Vermont, Ida May Fuller, aliyekuwa karani wa mawakili. Alikuwa amekatwa dola 24.75 katika miaka mitatu. Aliishi hadi miaka 100 na kupokea zaidi ya dola 22,000.

Wakosoaji wa hifadhi ya jamii wanapenda kumtaja bibi huyo, kwa kuwa alipokea zaidi sana ya alichokatwa. Mimi ningependa watajwe ambao hawakupata hundi yoyote. Sheria ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, na katika majimbo ya kusini kazi hizo ndizo zilizowaajiri Weusi wengi.

Soma historia hii nchi kwa nchi, utaona kwamba bungeni hubishaniwa fedha, lakini kinachoamuliwa ni nani anastahili.

Ndiyo maana naliona jambo la Zanzibar kuwa kubwa kuliko sifa linazopewa. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70, kwa fedha zake yenyewe. Haikuuliza kama mzee aliwahi kuajiriwa, wala kama ana mtoto Ulaya anayemtumia chochote. Mchuuzi wa samaki na mkurugenzi mstaafu walihesabiwa sawa. Kiwango kilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, kidogo kweli, na baadaye kikapandishwa hadi 50,000. Kenya nayo ilipanua Inua Jamii mwaka 2018 iwafikie wote wenye miaka 70 na zaidi wasio na pensheni nyingine, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, ingawa malipo hukawia na wazee hubaki wakiuliza.

Wapo wanaosema mzee ni wa familia yake na serikali isiingilie. Hoja hiyo ina heshima ndani yake, lakini inasahau kwamba mtoto wa maskini mara nyingi ni maskini pia, na kwamba bibi mwenye chake mkononi hushirikishwa katika maamuzi ya nyumba.

Je, wajua tofauti iliyopo kati ya katiba za Kenya na Tanzania juu ya hili? Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imo ndani ya Sura ya Haki, hivyo mwananchi anaweza kwenda Mahakama Kuu kuidai hifadhi ya jamii. Katiba ya Tanzania, katika Ibara ya 11, inataja haki ya kupata msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Lakini Ibara ya 7 imeshatangulia kusema kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, husaidia kaya maskini za bara, wazee wakiwemo, lakini kwa kuchaguliwa, si kwa haki ya umri. Bunge lina uwezo wa kulibadili hilo, na hazina ya visiwani, iliyo ndogo mara nyingi kuliko ya Muungano, imekuwa ikilipa tangu 2016.