Hesabu za Hajji wa Kikuubo

Saa kumi na moja jioni ndipo Kikuubo ya Kampala, penye maduka ya jumla, inapochemka. Jina lenyewe kwa Kiganda ni kichochoro, na saa hiyo kichochoro hakipitiki: wachukuzi wameinama chini ya magunia ya sukari wakipiga kelele za kuomba njia, mizigo ya Arua inafungwa turubai, wateja wa Juba na Goma wanahesabu noti haraka wawahi basi la usiku. Mwenye duka hathubutu hata kwenda msalani. Ndiyo saa ambayo Hajji, muuza sabuni wa jumla, hushusha mlango wa chuma, akatia kufuli mbili na kushika njia ya Old Taxi Park kutafuta teksi ya Kawempe.

Mlezi wa mkewe huondoka saa kumi na mbili na nusu. Hajji akichelewa, Hajjati hubaki peke yake, naye hutoka. Mara ya mwisho alikutwa kwenye barabara ya Bombo, hana viatu, anakwenda mjini. Aliwaambia waliomshika mkono kwamba amechelewa kufungua duka.

Majina yao siyataji. Hajji aliniomba hivyo, kwa heshima ya mkewe.

Duka ni la wote wawili. Hajji alijua kununua. Hajjati alijua watu. Biashara ya Kikuubo kwa sehemu kubwa ni ya kuaminiana: mteja anachukua mali leo, analipa akirudi. Mwenye kukumbuka nani anadaiwa nini ndiye benki. Hajji alinifungulia daftari la madeni, lile kubwa la jalada gumu. Kurasa za mwanzo mwandiko wa Hajjati umesimama wima: jina, mji, katoni, tarehe. Deni likilipwa, mstari mwekundu unapita juu yake. Katikati ya daftari majina yanaanza kujirudia. Mteja mmoja wa Goma ameandikwa mara nne siku moja, katoni 40 zile zile. Mbele kidogo hakuna majina tena, ni mistari myekundu mitupu, ukurasa mzima.

"Hapa ndipo ningejua," alisema. "Nikadhani ni uchovu. Majirani wakasema ni jicho la watu."

Mwaka mzima ulikwisha kwa waganga, na fedha zake. Walipofika hospitali, daktari alikuta presha ya miaka mingi iliyokuwa imeharibu mishipa midogo ya ubongo. Jibu likawa demensia, na kwamba haina tiba. Linaniuma hili, maana kupima presha ni kazi ya dakika tano, na vidonge vyake si adimu.

Hajji hahesabu kwa shilingi, anahesabu kwa katoni. "Katoni moja ikitoka, mimi nabaki na shilingi 1,500. Mlezi namlipa laki nne kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe." Nikapiga: katoni 267, kabla ya nepi, kabla ya dawa, kabla ya kodi ya duka. Na mauzo mazuri ni ya jioni, wakati yeye yuko ndani ya teksi. Mwaka jana alianza kuchota mtaji. Nilipomuuliza rafu za juu zina nini, alinionyesha katoni tupu, zimepangwa vizuri ili mteja asijue.

Serikali iko wapi? Katiba ya Uganda ya 1995 inasema itaweka utaratibu wa matunzo ya wazee. Ipo ruzuku ya wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, na mpango huo ulipoenea nchi nzima, umri wa kuanzia ukawa miaka 80. Hajjati ana miaka 68. Asubiri miaka 12 apate fedha ambazo kwa hesabu ya mumewe hazifiki faida ya katoni 17. Malipo katika hospitali za umma yaliondolewa 2001, lakini ugonjwa huu hauuguliwi hospitali, unauguliwa chumbani, usiku. Muswada wa bima ya afya ya taifa ulipitishwa na Bunge Machi 2021 na haukutiwa saini. Pensheni? Ya Hajji ndiyo hilo duka.

Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 57 walikuwa na demensia mwaka 2021, zaidi ya nusu yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Gharama ya dunia mwaka 2019 ilikuwa dola trilioni 1.3, na karibu nusu yake ni kazi ya ndugu wasiolipwa, wastani wa saa tano kwa siku. Mzigo huu wa mume au mke ni wa zamani kama jina la ugonjwa wa Alzheimer, aina nyingine ya demensia. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, karani wa reli alimpeleka hospitali mkewe wa miaka 51, Auguste Deter. Daktari wake alikuwa Alois Alzheimer. Gharama zilimlemea mume, akataka mkewe ahamishiwe mahali pa bei nafuu. Alzheimer akafanya mpango abaki ili aendelee kumchunguza.

Hajji ana binti. Yuko Riyadh, ameajiriwa nyumbani kwa watu, na kazi yake kubwa ni kumwogesha na kumlisha bibi wa nyumba hiyo. Sehemu ya mshahara wake huja kwa simu kila mwezi, imlipe mlezi anayemwogesha mama yake. Mkaza mwana naye yuko karibu, lakini kwa mila za Kiganda yeye na baba mkwe hawapaswi hata kugusana, sembuse kulala nyumba moja. Huja Jumapili mchana, akafua, akaondoka.

Tusiseme kwamba Kampala haijui kumhudumia mgonjwa kwake. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa 1993 na Daktari Anne Merriman, imewafuata wagonjwa wa saratani majumbani kwa zaidi ya miaka thelathini. Muuguzi anayebisha hodi mara moja kwa wiki, na ruzuku inayoangalia ugonjwa badala ya siku ya kuzaliwa, vingemwachia Hajji jioni zake mbili tatu za kuuza.

Jioni ile nilifuatana naye. Alibeba katoni mbili tupu za sabuni; hubeba kila siku. Tulimkuta mlezi ameshavaa viatu. Hajjati alikuwa mkekani. Alizipokea katoni, akazinusa, akaziweka moja juu ya nyingine, kisha akazinyoosha pembe.

"Yule wa Goma ameleta?" aliuliza.

"Ameleta, mama. Zote."

Akapitisha kidole juu ya katoni, polepole, kutoka kushoto hadi kulia.