Kufundisha Udhibiti wa Jeni: Mfano wa John Gurdon

Wanafunzi wengi wajua kwamba mwili mzima hutokana na yai moja, lakini hushindwa kueleza kwa nini seli ya utumbo hutofautiana na seli ya jicho. Je, kiinitete kinapokua, kila seli hupoteza jeni isizozihitaji, au huzizima tu? Twapendekeza mwalimu aanze somo kwa swali hili, awaachie wanafunzi wabashiri, ndipo awaeleze kazi ya John Gurdon, mwanabiolojia wa Uingereza (1933–2025).

Katika Chuo Kikuu cha Oxford, Gurdon alitumia mayai ya chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika. Aliharibu jeni za yai kwa miale ya urujuanimno, kisha akapandikiza humo kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi. Taarifa yake ya mwaka 1962 ilionyesha kwamba mapandikizo 726 yalitoa viluwiluwi 10 vya kawaida. Mwaka 1966 ilitangazwa kwamba viini vya utumbo viliweza kutoa hata vyura wazima wenye kuzaa.

Hapa mwalimu asiharakishe. Na aulize: 10 kati ya 726 yathibitisha nini? Mwanafunzi makini atasema huenda kiini cha yai hakikufa. Gurdon alilikinga jambo hilo: viini alivyopandikiza vilikuwa na alama ya kurithi iliyoonekana kwa hadubini. Tena, jeni iliyopotea hairudi hata mara moja. Basi jeni za jicho na za damu zilikuwamo katika kiini cha utumbo, ila zilikuwa zimezimwa. Saitoplazimu ya yai iliziwasha upya.

Kwa ugunduzi huo, mwaka 2012 Gurdon alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Shinya Yamanaka wa Japani, ambaye mwaka 2006 alizirudisha seli za panya zilizokomaa katika hali ya ujana kwa kutumia jeni 4.

Limebaki moja linalotuhusu sisi walimu. Mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 15, Gurdon alikuwa wa mwisho kwa biolojia miongoni mwa wavulana 250. Mwalimu wake aliandika kwamba wazo la kijana huyo kuwa mwanasayansi ni upuuzi. Gurdon aliihifadhi ripoti hiyo maisha yake yote. Yafaa tuikumbuke kila tushikapo kalamu kuandika zetu.