Kidani cha Kigae

Sahani ya kauri ikivunjika haifai tena kwa wali, lakini ua lililochorwa ndani yake huweza kubaki zima. Ua hilo ndilo fundi wa mapambo hulikata likawa kidani, hereni au pete.

Pwani ya Waswahili haijawahi kukosa vigae. Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler, aliyezuru Tanganyika mwaka 1955, alistaajabia wingi wa kauri ya China iliyotapakaa kati ya Dar es Salaam na Kilwa. Karne ya 19 yakaja kwa wingi mabakuli ya maua kutoka Ulaya, mengine ya viwanda vya Maastricht, Uholanzi.

Si kila kigae ni cha kuokota, hata hivyo. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 ni malikale, na kukichimba bila kibali ni kosa. Fundi wa Shangani, Mtwara, asiende kuchokoa magofu ya Mikindani. Kigae kilichotulia ardhini humwonyesha mtafiti umri wa tabaka la udongo kilimolala. Kikishaondolewa, ushahidi huo umepotea. Vyombo vilivyovunjika jikoni vinatosha, na pambo la sahani ya bibi lina thamani ambayo duka haliuzi.

Kazi huanza kwa penseli: umbo huchorwa kuzunguka ua. Kigae hukatwa kwa koleo la vigae au kwa kisu cha mashine chenye almasi, kisha kingo husuguliwa kwa msasa wa almasi. Yote haya hufanywa kigae kikiwa kimelowa maji, kwani vumbi la kauri likivutwa huharibu mapafu, na rangi za zamani aghalabu zina madini ya risasi. Barakoa na miwani si vya hiari. Tundu hutobolewa polepole, bila kukandamiza. Haraka hapa hupasua kazi nzima. Asiyetaka kutoboa huzungushia ukingo utepe mwembamba wa shaba, akaulehemu kwa bati lisilo na risasi na kuunganisha kijipete cha kupitishia mkufu. Sonara hufanya vizuri zaidi: hukizungushia kigae ukingo wa fedha.

Kwa anayeanza, kidani ni bora kuliko pete. Mkono hugonga kila kitu, na kauri haivumilii kugongwa. Mtoto mdogo asipewe pambo hili, maana ataliweka mdomoni.