2147483647: namba yenye itachanganya saa za mashini mwaka 2038

Tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na moja na dakika 14 za alfajiri kwa saa za Goma, Bukavu na Bunia, mashini fulani za zamani zitafika mwisho wa hesabu yao. Namba ya mwisho zenye zinaweza kuandika ni 2147483647. Je, ni kwa nini hiyo, na si ingine?

Ordinatere nyingi hazihesabu siku sawa vile watu wanafanya. Zinahesabu sekunde tu, kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Mashini za zamani zinaweka hesabu hiyo katika nafasi 32, na kila nafasi inapokea 0 ao 1. Nafasi moja inaonyesha kama namba ni ya juu ao ya chini ya sifuri. Zinabaki 31. Chukua 2 thelathini na moja, zizidishe zote pamoja, kiisha utoe 1: njo unapata 2147483647. Hizo ni sekunde za miaka 68 na siku chache.

Sekunde moja ikiongezeka, namba inageuka kuwa ya chini ya sifuri, na mashini inaamini ni tarehe 13 Desemba 1901.

Namba hiyo ilijulikana mbele ya ordinatere. Ni namba tasa, maana yake haigawanyike ila kwa 1 na kwa yenyewe. Leonhard Euler, mtaalamu wa hesabu kutoka Uswisi, alihakikisha jambo hilo mwaka 1772, kwa mkono. Kwa kawaida ingefaa kujaribu namba tasa zote mpaka 46339. Yeye alionyesha kwamba zile zenye zinaweza kuigawanya ni chache sana, akajaribu hizo tu. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua namba tasa kubwa kuipita.

Mwaka 2014, wimbo Gangnam Style ulitazamwa kwenye YouTube kupita mara 2147483647. Kampuni ilikuwa imeshabadilisha kihesabio chake, kikawa cha nafasi 64.

Dawa ya saa ni ileile. Kwa nafasi 64, hesabu ya sekunde itatosha miaka bilioni 292. Telefone na ordinatere za sasa nyingi ziko tayari. Hatari iko kwa mashini nzee zenye zingali zinatumika, na kwa programu zenye hazijabadilishwa. Na si lazima kungoja 2038: programu ya namna hiyo ikipanga leo deni la miaka 15, tarehe ya mwisho inapita mpaka huo tayari, na hesabu inaweza kuharibika.

Mwenye duka, kituo cha afya ao ushirika wa akiba wenye kutumia ordinatere nzee anaweza kumuuliza fundi swali moja: «Hii programu inaandika tarehe kwa nafasi 32 ao 64?» Kama ni 32, wakati wa kubadilisha ungali upo. Wakati huo, madeni ya muda mrefu yaandikwe pia kwenye daftari.